Joto la Mteremko: Breki kutoka Mengo hadi Mau

Usiku wa tarehe 6 Julai 1897, Kabaka Mwanga wa Pili, mfalme wa Buganda, alitoroka Lubiri, ikulu yake iliyo juu ya kilima cha Mengo, akaenda Buddu kuanzisha vita na Waingereza. Mwezi uliofuata walimvua ufalme, wakamtawaza mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Vita hivyo vimeandikwa na kuandikwa tena. Mimi nataka kuzungumzia barabara alizoziacha.

Wageni waliofika Buganda, tangu Speke mwaka 1862, walizistaajabia. Zilikuwa pana, zimefyekwa, tena zimenyooka. Zilitoka makao ya Kabaka kwenda kila saza (jimbo), na wananchi walizitunza kwa kazi ya pamoja iitwayo bulungi bwansi. Zilipokuta kinamasi, zilijengewa tuta. Zilipokuta kilima, zilikipanda wima hadi kileleni na kuteremka wima upande wa pili, bila kukizunguka. Kwa nchi inayokwenda kwa miguu, hiyo ilikuwa akili. Tarishi wa Kabaka hana muda wa kuzunguka kilima, na mteremko unamdai magoti tu.

Unyoofu huo haujafa. Barabara ya Kabaka Anjagala, kati ya Lubiri na Bulange, jengo la bunge la Buganda lililokamilika miaka ya 1950, inakwenda mstari mmoja. Kwenye mzunguko ulio katikati yake limewekwa lango analopita Kabaka peke yake, kwa sababu desturi haimruhusu kuzunguka. Sisi wengine tuzunguke. Lakini ukiacha Mengo ukateremka Kisenyi, au ukitoka kanisa kuu la Namirembe kushuka Bakuli, ndipo unapoona jinsi mji huu ulivyorithi vilima vilivyopangwa kwa ajili ya nyayo, kisha ukavijaza magurudumu.

Mwaka uleule wa 1897, wakati daktari Albert Cook anaanza kutibu watu kwenye kibanda cha nyasi pale Namirembe, mahali ilipozaliwa Hospitali ya Mengo, Mwingereza mmoja aitwaye Herbert Frood alikuwa akihangaika katika banda la bustani kwenye vilima vya Derbyshire. Aliona waendesha mikokoteni ya farasi wakiteremka milima huku wamebana viatu vikuukuu kwenye magurudumu ili kupunguza mwendo. Kiatu kilishika vizuri kuliko ubao mtupu, lakini baada ya kitambo kiliungua. Frood akaanza kutengeneza kitu cha kushika bila kuungua: kwanza kwa pamba, kisha, kuanzia mwaka 1908, kwa asbesto. Kampuni aliyoianzisha, Ferodo, jina lake ni herufi za jina lake mwenyewe zilizochanganywa, na E moja ya mkewe Elizabeth ikaongezwa. Mafundi wa Kampala wanalifahamu jina hilo kutokana na maboksi ya pedi za breki, ya halali na ya kughushi.

Wazo la ngozi halikuwa geni. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe bila kumuaga, akatoka Mannheim kwenda Pforzheim na wanawe wawili. Njiani breki za mbao zikalika kwa sababu ya miteremko, akamwendea fundi viatu akamwomba azipigilie ngozi. Kwa hiyo gari lilikuwa bado mtoto mchanga, halijafika popote, na tayari kilima kilikuwa kimeishinda breki yake.

Breki haiondoi mwendo. Inaugeuza kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kwenda. Chukua matatu ya abiria kumi na wanne, ile HiAce ya kawaida, ikiwa na uzito wa tani 3 pamoja na watu na mizigo, inateremka mita 60 kwa wima. Dereva akitumia breki peke yake, ukiacha kiasi kinachochukuliwa na upepo na matairi, joto linalozalishwa kwenye breki za diski mbele na za ngoma nyuma linatosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji. Mara moja si neno. Chuma kinalimeza, upepo unakipoza. Lakini siku ya foleni, gari linaposogea na kusimama, likasogea na kusimama, upepo wa kupoza haupo, na joto la kilima cha kwanza halijatoka pale la pili linapofika.

Wajenzi wa reli walilijua hilo mapema. Mwaka 1899, Reli ya Uganda ilipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa, upande wa Kikuyu, wahandisi hawakuthubutu kushusha mabehewa kwa breki zake. Walijenga njia ya muda ya mteremko mkali, wakayashusha kwa kamba za waya juu ya majukwaa maalumu, behewa zito linaloteremka likisaidia kulivuta jepesi linalopanda. Njia hiyo ilitumika hadi 1901, reli ya kudumu iliyozungukazunguka ilipokamilika. Hapo wahandisi walitumia uzito wenyewe kufanya kazi, badala ya kuuteketeza wote kuwa moto.

Wenye magari hawakuwa na kamba. Kwa nusu karne walikuwa na ngoma: bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, ndani yake viatu viwili vinavyotanuka na kulibana. Louis Renault aliitumia mwaka 1902, na ikaenea duniani kote. Ina ubaya mmoja uliojificha. Chuma kikipata moto hutanuka, na ngoma ikitanuka inavikimbia viatu vilivyo ndani yake. Dereva anakanyaga, pedeli inakwenda mbali kuliko jana. Anakanyaga zaidi, ngoma inapata moto zaidi, inatanuka zaidi. Tena joto limefungiwa ndani ya bakuli, halina dirisha.

Januari 1931 treni ya kwanza iliingia Kampala. Miezi michache baadaye, upande mwingine wa dunia, Clessie Cummins, mtengenezaji wa injini za dizeli kutoka Columbus, Indiana, alikuwa akivuka Marekani kwa lori ili kuonyesha ubora wa injini yake. Huko California alianza kuteremka Cajon Pass. Breki zikamsaidia mwanzoni, kisha zikalegea, kisha zikawa kama hazipo. Chini ya mlima njia ya reli ilikatiza barabara, na treni ya mizigo ilikuwa ikipita. Behewa la mwisho lilivuka barabara lori likiwa limelifikia, nafasi kati yao ikiwa ndogo mno.

Cummins aliishi na hofu ile zaidi ya miaka ishirini. Kilichomsumbua si breki zenyewe bali injini: ilikuwa na nguvu za kulipandisha lori mlimani, lakini katika kuteremka ilikaa bure. Alipostaafu akapata jibu. Pistoni inapomaliza kukandamiza hewa ndani ya silinda, vali ya kutolea moshi ifunguliwe ghafla, hewa ile itoke kabla haijairudishia pistoni nguvu yake. Injini inageuka pampu ya hewa inayolivuta lori nyuma, na joto linatokea kwenye rejeta na bomba la moshi badala ya kwenye magurudumu. Kampuni ya Jacobs ilianza kuuza kifaa hicho mwaka 1961. Kelele yake ya kubweka inasikika hadi leo kwenye miteremko mikubwa.

Dawa ya magari madogo ilikuwa diski. Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili tangu 1902, lakini haikuenea hadi vifaa vya kuitengeneza vilipopatikana. Juni 1953, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Jaguar walileta magari yenye diski za Dunlop. Wapinzani wao wenye ngoma walilazimika kuanza kupunguza mwendo mapema zaidi kila saa ilivyopita. Tony Rolt na Duncan Hamilton wakashinda. Diski iko wazi, hewa inaipoza pande zote, na ikitanuka kwa joto inazisogelea pedi badala ya kuzikimbia. Wiki chache kabla ya Le Mans, mashindano ya kwanza ya magari ya Safari yalikuwa yamepita Kenya, Uganda na Tanganyika, karibu magari yote yakiwa na ngoma. Mengo penyewe mwaka huo palikuwa na makubwa kuliko mbio za magari: Novemba 30 Gavana Andrew Cohen alimfukuza Kabaka Mutesa wa Pili kwenda Uingereza.

Nenda leo Kisenyi au Katwe, chini ya kilima, ambako gereji zimebanana na wauza vyuma chakavu. Fundi anafungua gurudumu la mbele la gari ambalo mwenyewe amelalamika kwamba "breki zinachelewa". Diski ina mabaka ya buluu iliyokolea: hiyo ni alama ya chuma kilichopata moto kupita kiasi, haisuguliki ikatoka. Pedi uso wake unang'aa, laini kwa kidole, na una nyufa ndogondogo. Pedi nzima huwa na uso mkavu wenye chembechembe. Hii imeungua. Gundi inayoshikilia chembe zake, ikipita nyuzi 300 hadi 450 kutegemea aina ya pedi, huanza kuoza na kutoa gesi. Gesi hiyo inajipenyeza kati ya pedi na diski, na kwa sekunde chache pedi inateleza juu yake. Fundi atachukua msasa, ataikwangua hadi uso mpya utokee, atairudisha. Mteja ataondoka ameridhika. Mimi nisingeirudisha. Pedi iliyoungua hadi kupasuka haijui kwamba imepigwa msasa, na Kisekka Market, penye kila aina ya spea, si mbali. Tatizo la Kisekka ni kwamba pedi nzuri na pedi ya maboksi ya kughushi zinafanana mpaka zipate moto.

Vumbi jeusi lililojaa kwenye rimu hupulizwa kwa kompresa, wote wakiwa wameinama karibu. Enzi za asbesto pumzi hiyo ilikuwa hatari tupu. Madini yaleyale yaliyomwokoa Frood na moto yalithibitika kusababisha saratani ya mapafu na ya utando wake. Uingereza iliyapiga marufuku mwaka 1999, Umoja wa Ulaya 2005. Magari yaliyotengenezwa zamani na pedi zisizojulikana zilikotoka hazina cheti kinachosema kilichomo ndani.

Kisha kuna mafuta ya breki. Katika kopo yakiwa mapya ni manjano mepesi. Yale anayoyamwaga fundi, yaliyokaa miaka, yana rangi ya chai ya rangi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na kadiri yanavyounyonya ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 3, aina ya kawaida, yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango chake cha chini kinachokubalika ni nyuzi 140. DOT 4 yanaanzia 230, yanashuka hadi 155. Kampala iko karibu na ziwa, mvua hainyeshi kwa kubahatisha, na wenye magari wengi hawajawahi kubadilisha mafuta hayo, wanaongezea tu. Joto la diski linapopenya hadi kwenye pistoni ya breki, mafuta yanachemka, mapovu ya mvuke yanajaa kwenye bomba. Mafuta hayakandamiziki, mvuke unakandamizika. Mguu unazama hadi sakafuni.

Dereva mwenye uzoefu huitofautisha hali hii na ile ya kwanza kwa mguu peke yake. Pedeli ikiwa ngumu, iko juu, na gari halipunguzi: pedi zimeungua. Pedeli ikiwa laini na kuzama: mafuta yamechemka. Dalili za mapema ni zilezile katika hali zote mbili, yaani harufu kali ya kuungua, wakati mwingine moshi kwenye gurudumu, na kanyagio linalohitaji nguvu zaidi kwenye kona ya tatu kuliko ya kwanza. Bado kuna muda hapo. Ukishaingiza gia ndogo, injini inabeba mteremko, na breki inabaki ya kusimamisha tu.

Bidhaa nyingi zinazoingia Kampala zinatoka Mombasa kwa malori, safari ya zaidi ya kilomita 1,100 inayovuka Bonde la Ufa na nyanda za Mau. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu lori zima na mzigo wake kufika tani 56. Lori la uzito huo likiteremka mita 600 kwa wima linatoa joto la kuchemsha tangi la maji la lita 1,000. Hakuna ngoma iliyotengenezwa kumeza hilo. Lazima injini, ritada au breki ya moshi ichukue sehemu kubwa.

Na hapo ndipo nyutro inapoharibu kila kitu. Kwenye mteremko wa Salgaa na Sachang'wan, kati ya Nakuru na Eldoret, madereva kwa miaka mingi waliachia gari liserereke bila gia ili kuokoa mafuta, na mafuta yaliyookolewa yakauzwa pembeni. Ajali zilifuatana hadi serikali ya Kenya ikaamua kuitenganisha barabara ile iwe ya njia mbili kila upande. Tanzania ina Kitonga, ile ngazi ya barabara kati ya Mikumi na Iringa, na Sekenke huko Singida. Uganda ina vilima vya Kigezi na barabara ya Kapchorwa. Kila dereva wa masafa ana orodha yake. Cha kuchekesha, kama si cha kulia, ni kwamba injini ya kisasa ikiwa kwenye gia na mguu umetolewa kwenye mafuta haipokei mafuta hata tone, ilhali kwenye nyutro inahitaji mafuta ili isizime. Wanaoserereka kuokoa mafuta wanayachoma.

Malori makubwa hayatumii mafuta ya breki, yanatumia upepo, na hilo linawapa madereva imani wasiyostahili kuwa nayo. Geji inaonyesha upepo umejaa, dereva anatulia. Lakini upepo unasukuma fimbo ambayo mwendo wake una mwisho, na ngoma ikishatanuka fimbo inafika ukomo kabla viatu havijabana. Akianza kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, anamaliza na upepo wenyewe. Utingo naye anaweza kuruka na dumu la maji, ayamwagie ngoma zinazofuka moshi. Chuma chenye moto kikipigwa na maji baridi huweza kupasuka.

Tarehe 24 Februari 2024, huko Ngaramtoni nje ya Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakafa. Taarifa za awali zilisema breki za lori zilifeli. Tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza udhibiti pale njia panda ya Londiani, Kenya, liliingia katikati ya wachuuzi, bodaboda na abiria waliosubiri magari, likaua zaidi ya watu 50. Taarifa za namna hii huja kwa sentensi fupi: breki zilifeli, gari likamshinda dereva. Nimezisoma nyingi, na zinanikera. Zinatufanya tuamini kwamba breki ilikuwapo, kisha pale mbele ya soko ikakatika kama uzi. Mara nyingi ilikuwa imeanza kufa kilomita kadhaa nyuma, kileleni, pale dereva alipoanza kuteremka kwa gia aliyopandia au bila gia kabisa, juu ya pedi zilizonunuliwa kwa bei ya kutupa na tajiri ambaye hakuwamo garini.

Uchunguzi nao una shida yake. Breki iliyochoka kwa joto ikipoa hurudi. Gesi inatoweka, ngoma inasinyaa, mvuke kwenye bomba unageuka tena kuwa mafuta. Mkaguzi anayefika saa tatu baadaye anakanyaga pedeli, inakaza vizuri. Dereva anaapa kwamba hazikushika, mkaguzi anaandika kwamba zinafanya kazi, na wote wawili wanasema kweli. Kinachobaki ni mabaka ya buluu, uso wa pedi unaong'aa na nyufa ndani ya ngoma, kwa anayejua kuzitazama.

Uganda ilijaribu kulikabili jambo hili langoni. Mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingizwa kwa magari yenye umri wa zaidi ya miaka 15. Umri wa gari, hata hivyo, hausemi lolote kuhusu mafuta yaliyo ndani ya bomba lake la breki.

Jipya limetoka kilima cha jirani na Mengo. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha gari dogo la umeme, Kiira EV, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya serikali ya Kiira Motors, inayotengeneza mabasi ya umeme ya Kayoola. Basi la umeme likiteremka, mota yake inageuka jenereta. Inalivuta gari nyuma kama injini ya Cummins ilivyokusudiwa kufanya, isipokuwa nguvu ile hairushwi hewani, inarudi kwenye betri ili isaidie kupanda kilima kinachofuata. Pedi zinabaki za kusimama mwisho na za dharura, kwa hiyo huchukua muda mrefu kuisha. Lakini betri iliyojaa kabisa haina pa kuweka umeme. Basi likichajiwa usiku kucha juu ya kilima na kuteremshwa asubuhi na abiria wake, mota haiwezi kuvuta nyuma kwa nguvu zake zote kwa kilomita za mwanzo, na kazi yote inarudi kwenye diski. Wataalamu wa mabasi hayo hulitatua kwa kuacha nafasi kidogo kwenye betri, au kwa kuweka chaja bondeni.